Nilivyompata mke Yeoville kwa riwaya ya majini ya Ireland, baada ya neno moja la Kiswahili kutaka kuniharibia

Wakuu, heshima mbele.

Mimi si mwandishi. Nimeishia darasa la saba Tanga, tena hilo darasa lenyewe nilikuwa naingia na kutoka. Mkiona herufi imeruka, irukeni na nyie tuendelee.

Ninayoyaandika yamenitokea mwenyewe hapa Johannesburg. Anayedhani natunga aje Mayfair, aulizie fundi wa makochi Mtanga. Ataletwa mpaka mlangoni, na soda atakunywa.

Kwanza mnijue mnaongea na nani.

Nilifika jiji hili sina kitu. Nilianza kwa kubeba sponji za watu kichwani, barabarani watoto wananicheka. Leo 2019 nina karakana yangu, nina pick-up mbili, huku wanaziita bakkie, na mafundi ninaowalipa kila Ijumaa bila kukopa. Kuna majumba Sandton nikifika mbwa habweki, ananijua. Kochi nikilivua nguo nikalivalisha tena, mwenyewe anauliza kama ni lilelile.

Sijivuni. Natoa ripoti.

Lakini 2015 pamoja na yote hayo nilikuwa na pengo moja. Sina mke. Wa kwanza tuliachana kabla sijavuka mpaka, na habari yake iishie hapohapo.

Mwaka huo mwanzoni nikaitwa Yeoville, saluni moja ya Wakongomani, nikatengeneze benchi la wateja. Mwenye saluni anaitwa Furaha. Mzaliwa wa Lubumbashi, mjane, mtu mzima mwenye akili zake.

Wakuu, yule mwanamke anasuka huku simu ameibana begani, anadai watu wake, anacheka, na mistari ya kichwa cha mteja imenyooka kama imepigwa rula.

Pini ya kwanza niliipiga kwenye benchi. Ya pili nikajipiga kidole.

Kazi ya asubuhi moja nikaivuta wiki nzima. Mara kitambaa kimeisha, mara springi si ya saizi yake. Siku ya kumaliza, Furaha akaja kulijaribu benchi, akakaa, akaridhika, akaniuliza:

"Papa fundi, weye uko na bibi?"

Nikajisemea huyu ni mwanamke wa maana, haanzi na hela, anaanza na ukoo.

Nikamjibu kwa kujidai, "Ninaye, yuko Tanga. Bila yeye mimi nisingekuwa mtu. Kila nikipata, wa kwanza kumkumbuka ni yeye."

Na ni kweli tupu. Bibi ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki.

Furaha akasema ni vizuri, Mungu amulinde. Akainuka, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Kuanzia siku hiyo, baridi. Nikipita na samaki na chipsi, wanakula wafanyakazi, yeye kashiba. Nikimwambia twende Newtown Jumapili tukatembee sokoni, ana kanisa. Kitu kimoja tu hakuacha kuniuliza, bibi yako iko namna gani. Namjibu miguu inamsumbua, lakini moto bado anawasha mwenyewe na kuni anachanja mwenyewe. Basi anatingisha kichwa, anaangalia pembeni.

Mimi nikaona anamwonea huruma. Nikazidi kumpenda.

Halafu kuna hili la simu. Ndugu zangu wa pwani mnaujua utani wa bibi na mjukuu. Bibi yangu hajawahi kuniita kwa jina, ananiita mume wangu tangu nikiwa na kamasi. Siku moja akapiga nikiwa palepale saluni, na kwa kuwa hasikii vizuri huwa naweka spika.

"Mume wangu," bibi anapiga kelele huko Tanga, "umenitupa?"

"Sijakutupa mke wangu. Desemba nakuja, nitalala kwako mpaka unifukuze."

Saluni ikanyamaza yote. Nikadhani wameguswa na upendo wa familia.

Miezi ikaenda hivyo. Katikati ya baridi ya Julai, Mama Chantal, ndiye msusi mkubwa pale na mdomo wake hauna kufuli, akaninong'oneza kwamba nikichelewa nitakosa. Kuna mtu wa kwao, bosi wa walinzi kwenye jengo kubwa mjini, anavaa suti, alisoma chuo Kongo, Kifaransa kinamtoka puani. Wazee wake wanajiandaa kwenda kwa kaka yake Furaha kuzungumza. Na Furaha, alisema Mama Chantal, amechoka kukaa peke yake.

Wakuu, nilikaa ndani ya bakkie nikaacha robot, ndiyo taa za barabarani huku, ikawaka kijani, ikarudi nyekundu, wenye taxi nyuma yangu wananitukana mama.

Jibu nilijipa mwenyewe. Ni shule. Mwanamke mwenye biashara yake hawezi kutaka mtu anayesoma kwa kufuata mstari na kidole. Bakkie mbili hazikunisaidia kitu mbele ya Kifaransa.

Sasa sikilizeni Mungu anavyopanga.

Wiki ileile nikaletewa kochi na mama mmoja wa Kizungu wa mtaa wa Kensington. Fundi wa makochi anajua, ukilivua kochi unakuta maisha ya watu: rimoti, hereni, njugu za miaka ile. Mimi nikakuta kitabu. Kinene, jalada la kijani, mwanamke ana nywele nyekundu anapeperuka juu ya kilima, na kijana kifua wazi wakati ukungu wote ule unaonyesha kuna baridi.

Nikampigia mwenyewe. Akacheka, akasema ni riwaya ya mapenzi na mambo ya kale ya Ireland, alishaisoma, chukua.

Nikasema sawa. Kama shida ni kusoma, nitasoma.

Nilisoma saa za chakula cha mchana, nimekaa kwenye makochi ya matajiri, kamusi kwenye simu. Kiingereza changu ni cha kuuzia, nakijua kwa kukisikia, kwenye karatasi kilinisumbua. Ukurasa mmoja ulikuwa unakula sahani nzima ya wali. Mafundi wangu wakajua bosi amerogwa.

Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoanza kushangaa. Wale watu wa Ireland ni Watanga wa Ulaya!

Nawaambieni. Wana majini, na majini yao hayana pembe wala kwato. Ni watu warefu, wazuri kupita kiasi, wanakaa chini ya vilima na wana wafalme wao. Huwataji kwa jina lao, unasema "wale watu wema", kama sisi tunavyosema "wenyewe" tukipita mahali pao. Wanaogopa chuma. Ukila chakula chao, hutarudi tena kwenu. Ukicheza ngoma yao jioni moja, ukitoka unakuta wajukuu zako wamezeeka. Kuna mti wa miiba uko peke yake katikati ya shamba, hakuna mkulima wa kuutia panga. Na kuna jini jike kazi yake ni kulia nje ya nyumba, ukimsikia ujue ukoo huo una msiba.

Nani wa Tanga atashindwa kuelewa hapo? Mimi Pango la Amboni nimekulia jirani, nimeona watu wanapeleka ubani humo. Mzungu wa Kensington anakisoma kama hadithi. Mimi nilikisoma kama habari za nyumbani.

Ikaja load-shedding. Mliokuwa huku mwaka ule mnakumbuka, umeme unakatwa kwa zamu. Saluni ya Furaha ikizimika, televisheni kimya, madraya kimya, inabaki mikono tu inasuka, na wateja wamenuna. Nikajitokeza. Nikawaambia mimi nitawasimulia kitabu.

Mama Chantal akauliza, tangu lini makochi yanafundisha kusoma. Wakacheka. Nikafungua.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa jina la msichana. Herufi saba, na hakuna mbili kati yake zinazoelewana. Nikasema anaitwa Mwanaidi. Wakakataa, eti Mwanaidi ni jina la mama mwenye nyumba. Wakampigia kura, akatoka Solange. Kijana nikamwita Sefu bila kuomba kura. Msichana jina la kwao, kijana jina la kwetu, mnaona nilipokuwa nalenga.

Basi Solange ni binti wa mwenye nyumba ya wageni, kijiji kinanyeshewa kila siku. Sefu ni mtoto wa mfalme aliyelaaniwa, nchi yake imekauka visima. Wanapendana. Mfalme wa majini naye anamtaka Solange, anamwita kwa zumari, msichana anaingia chini ya kilima, mlango unafunga. Sefu anazunguka nchi nzima kumtafuta, mfukoni ana msumari wa chuma tu.

Wakuu, ile saluni ilijaa. Kuna wateja walikuwa wanapiga simu kuuliza zamu ya umeme kukatika ili waje kusukwa muda huo. Mama Chantal alimchukia mfalme wa majini mpaka akawa anavuta nywele za watu. Mama mmoja wa Burundi alilia Solange alipopewa tufaha na majini na njaa imemshika, akajizuia asile.

Furaha peke yake hakuwahi kuinua kichwa. Anasuka. Ila niligundua mimi nikisoma, mikono yake inakwenda polepole.

Alhamisi moja Mama Chantal akaniambia Jumamosi ndiyo siku. Wazee wa mwenye suti wanaenda kwa kaka yake, na Furaha atatoa jibu. Umeme ukakatika mchana uleule. Nikajisemea, leo nasoma sura ya kisima, ndiyo tamu kuliko zote, nikishindwa nishindwe nikiwa nimesimama.

Sura yenyewe iko hivi. Sefu anaambiwa kuna kisima kimoja tu kina maji, na maji yake ndiyo yanafungua kilima. Kisima kinalindwa na mwanamke mzee wa kutisha. Kamusi ya simu iliniambia ni kizee kibaya. Mimi nimelelewa na mwanamke mzee. Siwezi kusimama mbele ya wanawake nikamwita mwenzao kizee. Nikatafuta neno la heshima.

Nikasoma: "Sefu akafika kisimani, akamkuta bibi amekaa juu ya jiwe."

Mama Chantal akadakia, "Bibi ya nani?"

"Bibi tu. Hana mwenyewe."

"Haina bwana?"

"Bwana atatoka wapi, mama? Bibi ana miaka mia, meno yameisha, nyusi zimefika mashavuni."

Wakaangaliana. Nikaendelea, "Bibi akamwambia Sefu, maji nitakupa, ila kwanza unibusu."

Hapo ikawa vurugu. Mama Chantal akaweka kitana chini, akasema huyo bibi hana haya, anaomba bisou kwa bwana ya Solange, Solange akitoka chini ya kilima atamupasua. Mama wa Burundi akasema labda bibi mwenyewe aliachwa. Mwingine akauliza miaka mia na bado bibi, huyo bwana wake alikuwa na moyo.

Nikaona wananiharibia sura yangu tamu. Nikafunga kitabu.

"Jamani, bibi! Mzee. Kama huyu bibi yangu mimi wa Tanga."

Furaha akainua kichwa. Mara ya kwanza tangu kitabu kianze.

"Bibi yako wa Tanga amezeeka namna ile?"

"Yuko karibu na tisini. Kamzaa mama yangu, atakosaje kuzeeka?"

Mikono yake ikasimama katikati ya kichwa cha mteja.

"Alizaa mama yako," akasema.

"Ndiyo. Bibi. Mama wa mama."

Akanitazama mpaka nikajishika kifungo cha shati kuona kama kiko wazi.

"Ule ni nkambo," akasema taratibu. "Sisi kwetu Lubumbashi tunaita nkambo. Bibi ni muke. Bibi ni muke ya mutu."

Wakuu, nikaanza kuhesabu. Miezi yote ile! Uko na bibi? Ninaye, yuko Tanga. Mume wangu umenitupa? Nitalala kwako mpaka unifukuze. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kila wiki nilikuwa nampa taarifa za mke wangu!

Mama Chantal alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Mteja naye anacheka nusu kichwa hakijasukwa. Furaha hakucheka kwanza. Alikuwa na hasira zake za kumaliza.

"Mwaka karibu unaisha miye najua uko na muke mugonjwa ya miguu. Anachanja kuni peke yake, na weye uko hapa unaleta samaki kwa banamuke. Nilikuwa nasema, ona mwanaume ule, haiko hata na haya. Mi sipendake bwana ya batu."

"Na ile sauti kwenye simu?" Mama Chantal akauliza kutoka sakafuni. "Tulisema ameoa mukubwa yake juu ya mali."

Hapo ndipo Furaha akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho na kanga ya mteja. Kisha akauliza, sauti chini:

"Sasa muke uko naye, ao hauko naye?"

"Sina."

"Maliza kitabu."

Nikakifungua palepale nilipoishia. Sefu akambusu yule mzee. Kaka zake waliofika kisimani kabla yake walikuwa wamekataa, walimwona anatisha. Yeye akambusu kwa heshima. Na uzee ukamvuka yule mwanamke kama kitambaa kibovu kinavyovuliwa kwenye kochi, akasimama Solange. Kumbe mfalme wa majini hakumwacha chini ya kilima. Alimficha ndani ya uzee, akamweka kisimani, akijua hakuna kijana atakayemtazama mara mbili.

Nikafunga kitabu.

Mama Chantal akasema, "Basi ule bibi alikuwa bibi yake kweli."

Kiswahili chao na cha kwetu vikakutana hapo, wakuu, kwenye kisima cha Ireland.

Umeme ukarudi. Hakuna aliyewasha televisheni.

Wakati natoka, Furaha akanisindikiza mlangoni. Akasema, "Wazee wa ule mutu wanakuya siku ya posho, Jumamosi. Weye wazee wako wanakuya siku gani?"

Nikamwambia kesho.

Wazee sina, ukoo wangu wote uko Tanga. Lakini mtu kama mimi hashindwi na kitu kidogo. Ijumaa baada ya swala pale Mayfair nikasimama mlangoni mwa msikiti nikachagua. Mzee wa Kisomali mwenye duka la vitambaa ninayenunua kwake, ndevu nyekundu za hina. Mzee wa Kizanzibari anayeongea kama anasoma hotuba. Na fundi cherehani mmoja wa Tanga. Nikawapakia bakkie ya kwanza. Ya pili nikapakia kochi.

Ndiyo, kochi. La watu watatu, nililitengeneza mwenyewe kwa duka langu, kitambaa cha kijani. Watu wanapeleka posa na bahasha. Mimi nilipeleka kazi ya mikono yangu.

Kaka yake Furaha alikaa, akajirusha kidogo, akakaa tena. Akasema yeye dada yake ni mtu mzima, amesikia jibu lake tangu jana, anachotaka kujua ni kama springi zina guarantee. Mzee wa Kizanzibari akahutubia nusu saa juu ya jambo lililokwisha.

Jumamosi wazee wa mwenye suti wakaja. Wakakaribishwa vizuri, wakapewa chai. Na wakaambiwa hapana wakiwa wamekaa juu ya kochi langu.

Dini? Tuliyazungumza wenyewe wawili yakaisha, kila mtu ana siku yake ya kuvaa vizuri. Msinianzishie vita kwenye comments.

Desemba ileile nikampeleka Tanga. Njia nzima Furaha anarudia maneno ili asikosee. Tukamkuta bibi ukumbini, mguu ameunyoosha juu ya mkeka. Furaha akapiga goti, akasema, "Shikamoo nkambo."

Bibi hakujua nkambo ni nini, na mimi sikuwa nimemweleza chochote. Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anachagua embe, akasema:

"Mke mwenzangu, umechelewa. Mchukue, zamu yangu nimemaliza."

Furaha alikaa palepale kwenye mkeka, akacheka mpaka bibi akaniuliza kama mkwe wake ana kichaa.

Bibi yupo mpaka naandika haya. Miguu ileile, moto anawasha mwenyewe. Furaha ndiye anayempigia simu siku hizi, wanateta mimi nikiwa nasikia.

EDIT: Kuna mkuu ameuliza kama nimesoma kitabu kingine. Vitatu. Vyote nimevikuta kwenye makochi.

Nilichojifunza mimi: ukiwa ugenini usiamini neno kwa sababu tu linafanana na la kwenu. Uliza lina maana gani kwao. Mimi nilidhani nakataliwa kwa sababu ya shule, kumbe nilikuwa nakataliwa kwa sababu ya bibi. Na kitabu hakina mwenyewe, wakuu. Hata wa darasa la saba akikaza kidole kwenye mstari, mlango unafunguka.

Mliooa au kuolewa na Wakongomani, Warundi, Wakenya, semeni hapa chini ni neno gani lilitaka kuwavunjia nyumba. Na mwenye suti kama unasoma huu uzi, sina kinyongo, kochi lako likichakaa niletee.

Kile kitabu bado ninacho. Kipo sebuleni kwangu, kwenye kochi la kijani, pacha wa lile la posa, chini ya mto. Ndiko kinakokaa.